Chakula cha Brazili na Mji wa Newala

Mjukuu wangu Faridi ni bwana shamba wa mikorosho. Mwaka huu walimpeleka Brazili wiki tatu akasomee korosho, maana eti hapa kwetu Lisekese mikorosho ni haba, mpaka uifuate kwa ndege. Akarudi na kofia na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe chakula.

"Bibi, kama nyama lakini si nyama! Kina nyuzinyuzi, kimekaangwa na vitunguu na hoho. Ukimeza kinakwaruza koo kidogo."

"Kinaitwaje, mume wangu?"

"Sijui. Mkalimani naye alikuwa anakula, mdomo umejaa."

Elimu hiyo!

Ningecheka yakaisha, ila alikwisha kumwahidi mama yake Faidha, binti anayetaka kumwoa kule Newala, kwamba Jumamosi tukipeleka barua ya posa atamletea chakula ambacho Newala nzima haijapata kukiona. Na Mama Faidha hapendi maneno matupu. Wachumba wawili kabla ya Faridi walirudishiwa barua zao bila kufunguliwa.

Faridi akahangaika. Masasi mjini wakamuuzia uyoga wa kopo. Akaenda hadi Mtwara, akarudi na soseji. Alhamisi akanionyesha picha kwenye simu, nikakaza macho. Zile nyuzi, na lile koo kukwaruza, nayajua tangu sijaota meno.

"Kitendawili!" nikamwambia.

"Bibi, mimi nina shida."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Namchukua mtoto, mama namtupa."

Akakuna kichwa, kichwa chenye vyeti. "Mgomba?"

"Nipe mji."

"Chukua Lupaso."

"Lupaso kuna mawifi zangu, sitaki."

"Chidya."

"Chidya alishanipa baba yako."

"Basi chukua Newala, uniache!"

Nikapokea, jibu nikalificha. "Mwenye mji haendi mikono mitupu. Tulia, nitapika mimi."

Jumamosi alfajiri nikaingia shambani. Sisi tumezoea: unaokota, unanyonga korosho, bibo, tunda lake, unalitupa, mbuzi wanakushukuru. Siku hiyo mbuzi walinuna. Nikajaza ndoo mabibo, nikayakamua, nikayachemsha kwa chumvi, nikayachambua, nikayakaanga kama kwenye picha. Faridi nilimfukuza jikoni.

Tulipofika Newala, Faridi akaonja tonge moja akaruka. "Ndicho hiki! Bibi, kimekuja na ndege?"

"Kimekuja na ndoo."

Mama Faidha akatafuna taratibu, hacheki. Barua ipo mkekani, haijafunguliwa. Nikaona bora nijitose.

"Mama Faidha, kitendawili!"

"Tega, mama."

"Namchukua mtoto, mama namtupa."

"Korosho na bibo," akajibu hata sijafunga mdomo. Kisha akaitazama sahani. Kisha akamtazama Faridi. "Baba, ulipanda ndege kwenda kula mabibo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bwana shamba akawa anahesabu ukili wa mkeka.

"Hajasema uongo," nikamtetea. "Kaahidi chakula msichopata kukiona. Mnakitupa kila mwaka, mtakionaje?"

Mama Faidha akanitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akaifungua barua.

"Posa nimepokea. Ila msimu huu bwana shamba ataokota shambani kwangu, na bibo hata moja lisitupwe."

Wiki ya tatu sasa yuko huko. Jana kanipigia simu, mgongo unamuuma, mikono inanuka mabibo. Nikamwambia avumilie, masomo ya korosho ndiyo kwanza yanaanza. Newala nimemrudishia Mama Faidha; kakitegua kitendawili, mji ni wake.