Kosa la Ijumaa

Ile bendi mimi siipendi. Sikuipenda ilipokuwa hai, na ilipovunjika nilishusha pumzi, maana tarumbeta zake zililia kama mlango unaodai mafuta. Lakini kaka yangu, kinyozi, alikuwa hasikii haambiwi. Wapigaji walipotawanyika kila mtu na njia yake, yeye akaifungulia bendi tovuti.

Yeye alikuwa na maneno, mimi nina vidole. Saluni yake na cherehani yangu vilitenganishwa na pazia tu, na kompyuta ilikaa upande wangu. Kila Ijumaa asubuhi alinitajia maneno ya wimbo mmoja kutoka ng'ambo ya pazia huku akinyoa kichwa cha mtu, nami nikachapa. Tukimaliza, alisema, "Haya, sasa tutie kosa." Kosa moja la makusudi: neno la wimbo, mwaka, jina la mpiga ngoma, popote pale. Alidai kwamba mtu akipenda kitu chako hupita kimya, ila ukikosea atakuja mbio viatu mkononi. Na kweli walikuja. Aliyebahatisha tulimjibu "Hujapata." Aliyeliona kosa tulimjibu "Umepata," na jina lake likakaa juu ya ukurasa wiki nzima.

Hakuwa na mipaka, kaka yangu. Safari moja alitangaza kwamba ameoa mke wa pili, na kumbe hilo ndilo lilikuwa kosa. Wifi yangu alizipata habari sokoni, na kaka alikula mikate mikavu mpaka hasira zilipopoa. Tangu hapo wifi akija kuniuliza lolote la tovuti, jibu langu lilikuwa moja: "Muulize mumeo."

Kaka alikufa kazini. Moyo ulisimama ghafla, akaanguka, na mashine ya kunyolea ikabaki inanguruma sakafuni. Mteja wake alijifunga kitambaa kwenye kichwa kilichonyolewa nusu, akanisaidia kumbeba.

Baada ya mazishi wifi alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani.

"Wifi, ile tovuti ifunge," alisema. "Picha yake iko pale juu, anacheka. Kila nikishika simu nakutana naye."

"Na wapenzi wa bendi je?"

"Wapenzi wa bendi hawalali kwenye kile kitanda."

Nilikubali. Nilijiambia natua mzigo ambao haukuwa wangu, lakini moyo uliniuma kana kwamba tunamzika mara ya pili.

Ijumaa ilipofika nikachapa, wifi akiwa palepale kigodani: "Mwenye tovuti hii, kaka yangu, amefariki dunia. Tumeshamzika. Huu ndio ukurasa wa mwisho, jioni tunafunga. Asanteni kwa miaka yote." Sikutia kosa.

Wa kwanza kujibu alikuwa Gitaa Bovu, mwalimu mstaafu ambaye hatujawahi kumwona kwa macho. "Leo umetuwekea jepesi, Fundi," aliandika, akidhani anaongea na kaka. "Kosa ni hapo uliposema umefariki."

Nyuma yake wakamiminika wengine. "Na mimi nasema hajafa." "Hii ni ileile ya mke wa pili." "Gitaa Bovu kaniwahi, nilikuwa nimeshaliona." Ukurasa mzima ulikuwa kicheko.

Wifi alikuwa anasoma juu ya bega langu. Nilisubiri afoke. Badala yake aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Waambie wamepata," alisema.

"Wifi."

"Kwa leo tu. Waambie wamepata."

Nililia hapohapo mbele ya kompyuta, na nilitamani kumfanyia hivyo kuliko kitu chochote. Neno lenyewe ni fupi, nimelichapa mara nyingi mno. Lakini yule mwalimu angesubiri wimbo Ijumaa ijayo, na ile nyingine. Nikachapa: "Hujapata, mwalimu. Safari hii hakuna kosa."

Nilishona pindo zima la sketi ya shule pasipo mtu kuandika kitu. Kisha Gitaa Bovu akajibu, "Basi nimeshindwa." Hajawahi kuandika hivyo, huyo mbishi.

Ndipo pole zikaanza kuingia. Mmoja alisema kaka ndiye mtu pekee aliyembishia tangu astaafu. Mwingine alikumbuka kaka alivyomdanganya kuhusu mpiga besi. Wifi alizisoma zote, moja moja, akiniuliza huyu ni nani na yule ni nani, na mahali fulani nikamsikia akicheka huku anafuta machozi.

Jioni nikanyoosha mkono ili nifunge.

"Iache," alisema. "Huku bado wanamtaja. Nyumbani watu wameshaanza kunyamaza."

Ijumaa iliyofuata alikuja mapema, akavuta kigoda bila kuitwa. Nikachapa wimbo mmoja kutoka kichwani. Bendi nisiyoipenda, na kumbe maneno nayajua yote, mpaka kibwagizo. Wifi alinisubiri nimalize.

"Sasa kosa tunaliweka wapi?" akauliza.

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, lile langu la siku zote: muulize mumeo. Nikalimeza. Lakini wote wawili tulikuwa tumeshageukia pazia.