Bakteria wa Huguette

Huguette Mwape alipokwenda na ndoo kuchota tope la mfereji nyuma ya machinjio, watu wa mtaa wake wa Katuba walimcheka. Lakini ndani ya tope lile mlikuwa na bakteria aliowataka: viumbe wasioonekana kwa macho ambao, wakipewa umeme na hewa ya kaboni, hutoa asidi ya siki.

Miaka miwili aliwalea katika chupa kubwa kwenye maabara ya chuo, nyaya za umeme zikishuka kutoka bamba la jua juu ya paa, na mpira ukileta gesi ya kaboni kutoka mtungini. Asidi ikapanda wiki baada ya wiki.

Profesa Paulin, msimamizi wake, hakushawishika. "Huguette, hii asidi inatoka mu matope yenyewe. Bintu biko binaoza mule, ni vile tu."

"Basi tufunge gaz, Prof. Kama asidi inapanda bila gaz, weye ndjo uko na haki."

Akafunga koki ya gesi. Siku tatu asidi haikusogea. Siku ya nne ikapanda. Kidogo, lakini ilipanda. Huguette akaisoma namba tena. Hakuna aliyeiona namba ile ila yeye. Akaiandika daftarini. Kisha akachomoa mpira wa gesi, akatumbukiza ncha yake katika glasi ya maji. Koki ilikuwa imefungwa kabisa, na bado viputo vikawa vinatoka kimoja kimoja.

Akampelekea Paulin daftari pamoja na koki mbovu. "Robine inavuja, Prof. Ile kazi yote haihesabiwi. Naanza tena."

Alipata koki nzima kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kenya, mle mle mjini. Siku kumi bila gesi, asidi ilitulia tuli. Akarudisha gesi, akakata umeme: tuli vilevile. Akarudisha vyote viwili, na kabla juma halijaisha asidi ilikuwa inapanda kama zamani.

Paulin alisoma daftari akiwa amesimama, kidole kikifuata kila mstari. Alipofika siku ile ya nne aliusoma mstari mara mbili.

"Kule ku tanuri ya chokaa moshi iko mingi sana, na ndani yake ni hii gaz yako," akasema mwishowe. "Chupa yako itaiweza?"

"Chupa, hapana. Tanki, ndiyo. Nataka kubaomba benye tanuri nafasi kando ya bomba ya moshi."

Paulin akavuta kiti, akachukua karatasi ya chuo, akaanza kumwandikia barua ya kumtambulisha kwa wenye tanuri.