Sauti ya Memsahib Kwenye Waya

Utani wangu haujawahi kumuumiza mtu. Muulize yeyote hapa Nakuru, kuanzia nyumba za reli mpaka sokoni: Owuor akikutania, unacheka hata wewe mwenyewe.

Nyuma ya pazia la jumba la michezo la wazungu tulikuwa Waafrika watatu. Mimi nilikaa juu ya ngazi nikiendesha spoti, ile taa kali inayomfuata mchezaji kama mbwa. Mama Eucabeth alipiga pasi nguo za wachezaji. Naftaly Kang'ethe alisimama upande wa pili wa jukwaa, kwenye ubao wa vishikio vya kuwasha na kuzima taa.

Memsahib Tweddle alituongoza kwa simu ya waya, mimi na Kang'ethe, kila mtu na vyombo vyake masikioni na cha kusemea mdomoni. Memsahib yeye alisema tu, hakuvaa vya kusikilizia. Akisema "stendibai", unaweka mkono kwenye kishikio na kunyamaza. Akisema "go", unavuta. Huulizi. Aliyewahi kuuliza alifutwa siku hiyohiyo.

Kang'ethe akiambiwa stendibai, hata kupumua aliacha. Nikambandika jina, Bwana Stendibai.

"Siku moja memsahib atakusahau," nilimwambia, "tukuzike na mkono juu hivyohivyo."

"Cheka tu, Owuor. Wewe ukifutwa utaenda Kisumu kwa mama yako. Mimi nikifutwa ni lori."

Alisema kweli. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, hali ya hatari imepamba moto, na Mkikuyu asiye na mwajiri alipakiwa kwenye lori la polisi kama gunia. Kilichomweka Kang'ethe mjini ni barua ya memsahib. Nilijua. Nani hakujua?

Jumamosi hiyo, kwa sababu ya kafyu, mchezo ulianza alasiri, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Ukumbi ulijaa masetla na bastola zao viunoni. Siku hizo nadhani hata kuoga walioga nazo.

Tukafika pale ambapo tajiri anakunywa chai yenye sumu. Akishameza, kunakuja blakauti: taa zote zinazimwa kwa mpigo mmoja. Memsahib akasema stendibai. Kang'ethe akashika kishikio kikuu. Lakini mzungu wetu aliyeigiza tajiri alikuwa hana haraka. Anakoroga chai, anahutubia, anakoroga tena. Kang'ethe jasho linamtiririka, macho yamemtoka, kama kuku anayengoja kisu.

Ulimi ukaniwasha. Sauti ya memsahib naiweza, ile ya puani. Nikainamia waya: "Go!"

Kang'ethe akavuta.

Giza totoro. Mwanamke akapiga ukelele, "Mau Mau!" Bastola ikalia, na nyingine ikajibu. Kang'ethe mwenyewe ndiye aliyerudisha taa. Tajiri alikuwa sakafuni, bega limetobolewa, chai na damu vimechanganyika kwenye shati lake, na huko nyuma watu wawili watatu walikuwa wakipiga makofi.

Inspekta wa polisi alitupanga mstari jukwaani. Kang'ethe tayari alikuwa na pingu, na mdomo umepasuka.

"Memsahib alisema go," alirudia. "Nilimsikia masikioni."

"Sikusema chochote!" Memsahib Tweddle alimwendea Kang'ethe. Akamchomolea ile barua mfukoni na kuichana vipande viwili. "Mwongo! Nilikulisha!"

Inspekta akanigeukia. "Wewe uko kwenye waya huohuo. Ulisikia nini?"

Kang'ethe akaniangalia. Hakuomba. Aliniangalia kama mtu aliyeweka mkono kwenye kishikio, anangoja.

"Sikusikia kitu, bwana," nikasema. Halafu, kwa kuwa wote walikuwa kimya na kimya hunishinda, nikaongeza, "Labda alisikia malaika."

Askari mmoja akacheka. Nje, dereva wa lori akawasha injini. Wakamshika Kang'ethe kwapani, wakaanza kumkokota.

"Bwana Inspekta." Ilikuwa Mama Eucabeth, gauni la jukwaani bado liko mkononi mwake. "Meza yangu ya pasi iko chini ya ngazi ya huyu kijana."

"Mama, wewe piga pasi zako," nikamwambia, nikicheka.

Hakunitazama. "Kabla ya giza, sauti ya memsahib ilitoka juu ya kichwa changu. Na memsahib nilikuwa namwona kule kwenye kiti chake, amefunga mdomo. Mwambieni huyu aseme 'go' mbele yenu, mtasikia."

Inspekta akawainulia mkono askari waliokuwa mlangoni. Akanisogelea.

"Sema," akasema.