Gauni Lililorudi Likinuka Maziwa

Kazini walimwita Pua, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Kampuni yao iliuza nguo mtandaoni. Mteja anachagua kwenye simu, analetewa mpaka mlangoni, na nguo isipomkaa ana ruhusa ya kuirudisha, mradi hajaivaa kutoka nayo na lebo bado inaning'inia. Nguo zilizorudi zilikusanywa chumba cha nyuma cha ghala, chumba kisicho na dirisha, chenye meza ndefu ya bati na taa nyeupe zinazoumiza macho. Hapo ndipo alipofanyia kazi mama huyu. Alifungua mfuko, akakunjua nguo, akaigeuza ndani nje, akatazama kola na pindo, kisha akainama na kunusa kwapani.

Alipoelezwa kazi hiyo siku ya kwanza alidhani anataniwa. Alikuwa ametoka kushona mashuka kiwandani, na kiwanda kilipofungwa alishika lililokuwa karibu. Nyumbani alimwambia mumewe, aliyekuwa fundi bomba, kwamba amepata kazi ya kukagua nguo. Mumewe akasema afadhali, kazi ya kukaa. Hakuuliza zaidi, naye hakuongeza neno. Mtu utaanzaje kumwambia mumeo kwamba unalipwa kunusa makwapa ya watu usiowajua?

Akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Alitoa suruali zenye mchanga mifukoni. Alitoa koti la suti lenye kijiti cha meno kilichotumika na ubani uliotafunwa, umefungwa vizuri kwenye karatasi kama zawadi. Blauzi nyeupe zilirudi na poda shingoni, mstari wa kahawia uliochorwa sawasawa na kidevu cha mwenyewe. Kuhusu nguo za kuogelea, huo ni uchafu ambao hata mwenzake aliyesimama kwenye pasi ya mvuke, mwanamke asiyeogopa kitu, aliushika kwa koleo.

Lakini si uchafu uliomchosha. Uchafu ni wa binadamu, nani asiyetoka jasho? Kilichomtia kinyaa ni uongo uliokuja umekunjwa pamoja nao. Kila mfuko ulikuwa na kikaratasi cha sababu, na sababu ilikuwa moja: haikunikaa. Nguo imecheza ngoma usiku kucha, imekaliwa, imekumbatiwa, imemwagiwa mchuzi, halafu haikumkaa.

Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba wapo ambao kweli haikuwakaa. Kampuni ilikuwa imebadilisha kiwanda, ikaacha jedwali la vipimo lilelile la zamani kwenye mtandao. Watu wakajipima kwa utepe nyumbani, kifua, kiuno, nyonga, wakaagiza kwa uaminifu, na nguo ikaja ya mtu mwingine. Alikuwapo mteja mmoja, mwalimu, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, ambaye alirudisha gauni la kijani mara mbili. Nguo zake zilirudi safi, zimekunjwa kwa mistari ileile ya kiwandani, na mara ya pili aliandika nyuma ya kikaratasi kwamba tangu ujana hajawahi kuvaa gauni likamkaa mabegani, na kama saizi ya juu yake itapatikana wamwekee, kwa sababu anaanza kazi shule mpya na anataka siku hiyo asimame mbele ya watu bila kuvutavuta mikono. Pua alikisoma kikaratasi hicho mara mbili. Akampelekea msimamizi. Msimamizi akasema saizi hiyo imeisha, labda irudi moja.

Basi mwisho wa wiki ile kulikuwa na harusi ya mtoto wa kaka mkubwa wa mumewe. Wifi yake, dada wa mume, karani katika ofisi ya bima, aliingia ukumbini na gauni la kijani. Watu waligeuka, na walikuwa na haki ya kugeuka. Gauni lilimkaa kana kwamba alishonewa akiwa amesimama. Lilishika kiuno, likaachia mahali pa kuachia, likaanguka hadi kwenye kifundo cha mguu bila kugusa chini. Pua alilitambua mara moja, ni mtindo uleule alioutaka mwalimu, saizi ya juu. Akampongeza wifi kwa moyo mweupe.

Ila wifi siku hiyo alikuwa mtu wa ajabu. Hakuinua mikono kupiga makofi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mgongo umenyooka kama ubao. Chakula kilipoletwa alikula wali mtupu, akaweka leso tatu mapajani. Watu walipoitwa kucheza alisema kisigino kinamuuma. Pua alipompita nyuma aliona uzi mweupe umechomoza penye zipu, akanyoosha mkono auvute kwa wema, kama ambavyo mwanamke yeyote angemfanyia mwenzake. Wifi akamchapa kofi mkononi bila kugeuka.

"Usiguse," akasema taratibu, huku bado anawachekea watu wa meza ya mbele.

Pua aliurudisha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kugusa kadibodi ngumu ya lebo, imebanwa kwa pini ndani ya bitana. Alijiambia huenda wifi amesahau kuitoa, ingawa alijua kwamba mtu hasahau kitu kwa pini.

Baadaye bibi mmoja upande wa bibi harusi, asiyejua habari ya lebo wala pini, alimtua mtoto mchanga kifuani mwa wifi akaenda msalani. Mtoto alishiba. Akacheua maziwa, yakashuka kuanzia kwapa la kushoto mpaka kiunoni. Wifi alimrudisha mtoto kwa mtu wa kwanza aliyepita, akakimbilia bombani, akarudi na baka la maji na harufu ya poda. Hakukaa tena. Aliaga mapema kuliko wazee.

Mfuko ulifika mezani kwa Pua siku chache baadaye. Hakuhitaji kusoma jina. Alipoufungua tu harufu ilimpiga: maziwa yaliyoganda, poda juu yake, na chini ya hayo yote jasho la mtu aliyekaa saa nyingi akiogopa. Aligeuza gauni ndani nje. Penye bitana palikuwa na tundu mbili ndogo za pini. Pembeni mwa kiuno baka lilikuwa limekauka na ukingo wa manjano. Kikaratasi kilisema: haikunikaa kiunoni.

Aliyekuwa kwenye pasi ya mvuke aliona uso wake akamuuliza kama amekuta panya. Pua akasema afadhali panya. Akagonga muhuri wa "imevaliwa", akalisukuma gauni upande wa vilivyokataliwa.

Msimamizi alikuwa kijana mwenye adabu, aliyemwita mama na kuvaa viatu safi. Alikuja na simu mkononi akasema huyu ni mteja bora, ananunua kila mwezi, akikasirika ataandika maneno mabaya mtandaoni. Arudishiwe fedha zake. Na kwa bahati nzuri, akaongeza, hiyo ndiyo saizi aliyokuwa anaisubiri yule mwalimu. Lipitishieni mvuke, pulizieni marashi, tieni kwenye mfuko mpya, litoke leo.

Pua alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia gauni lina maziwa ya mtoto na jasho la harusi nzima.

"Mvuke unaua yote, mama," akasema. "Na mwalimu mwenyewe atafurahi. Asichokijua hakimdhuru."

Hapo ndipo kichefuchefu chenyewe kilipompanda, kile ambacho miaka yote ya kunusa hakikuwahi kumfikia kooni. Alimtazama kijana yule, nywele zimechongwa, kola imenyooka, akaona kwamba kijana huyo asingevaa nguo kama ile hata kwa dakika moja, wala asingemvalisha mama yake. Lakini mwalimu ndiye alivae mwilini, alipitishe kichwani, asimame mbele ya watoto wa watu akijiona amependeza. Mtu ambaye alisema kweli ndiye apewe jasho la mtu aliyesema uongo.

Alichukua mkasi wa kukatia kamba. Akaliweka gauni mezani, akalikata kuanzia kwapa mpaka pindo, bila haraka, kama fundi anayekata kitambaa kipya. Kisha akalikata tena upande wa pili. Mvuke wa pasi uliendelea kufoka peke yake.

"Sasa limeisha," akamwambia msimamizi. "Mwandikie mwalimu kwamba limeisha. Angalau hilo litakuwa kweli."

Msimamizi hakumfokea. Alisema ataripoti, na kweli akaripoti. Pua akahamishiwa kwenye kufunga mifuko, akapewa karipio, na mwezi ule bahasha ya mshahara ikawa nyepesi. Mwalimu akaandikiwa saizi imeisha. Wifi akarudishiwa fedha zake zote pamoja na ujumbe wa kumwomba radhi kwa usumbufu.

Habari hizo za kurudishiwa fedha Pua alizisikia kwa kinywa cha wifi mwenyewe. Jumapili wifi alikuja kwa kaka yake kama kawaida yake, akakaa mezani, akapakua kabla ya wenye nyumba. Alikuwa na furaha. Akamsimulia kaka yake jinsi siku hizi mtu mwenye akili hanunui nguo ya sherehe, anaiazima dukani bila wao kujua. Unabana lebo ndani, unavaa, unarudisha, unasema haikukaa. Wale watu wa kule, akasema huku anatafuna, hawana macho wala pua.

Mumewe Pua alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajui kama anatakiwa kucheka. Akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wifi akamjibu kwamba yake ilisitiri vizuri sana, watu wote waliona.

Pua aliweka kijiko chini. Alikuwa ameazimia kunyamaza. Alikuwa amemwahidi Mungu kabisa wakati anapika. Lakini aliutazama mdomo ule wenye mafuta ukicheka.

"Pua tunazo, wifi," akasema. "Mimi ndiye niliyelinusa."

Wifi hakuelewa. Pua akamweleza, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za sokoni: kwapa la kushoto maziwa, poda juu yake, tundu mbili za pini kwenye bitana, baka la manjano kiunoni. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya siku zote.

Pua alisubiri aone haya ikiingia usoni mwa wifi, hata kidogo, hata ya kuigiza. Kilichoingia kilikuwa kitu kingine. Pua ya wifi ilijikunja, mdomo ukashuka pembeni, akajivuta nyuma na kiti chake.

"Yaani wewe uliinamisha uso kwenye kwapa langu?" akauliza. "Halafu mikono hiyohiyo ndiyo imepika chakula hiki?"

"Niliosha," akasema Pua. "Ningekuwa wewe, na mimi ningeosha. Lakini ningeliosha gauni, nikabaki nalo."

Wifi alisukuma sahani. Alisema yeye ana tumbo jepesi, hawezi kula kwa mtu anayenusa watu kama mbwa. Akamgeukia kaka yake, akamuuliza kama alijua anaishi na mke wa kazi gani. Halafu akachukua mkoba wake, na kabla ya kutoka akafuta mkono kwa leso, ule aliomsalimia nao Pua.

Mumewe hakumtetea mkewe, hakumtetea dada. Alikuwa fundi bomba. Maisha yake yote alikuwa ameingiza mikono mahali ambapo watu hawataki hata kupataja. Mwishowe aliuliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Pua akasema hakuuliza. Mumewe akakubali kwa kichwa. Akavuta sahani ya dada yake iliyobaki nusu, akaanza kuila, na alipomaliza akasema tu kwamba chumvi ilikuwa sawa.

Pua aliacha kazi mwisho wa mwezi ule. Si kwa sababu ya wifi wala ya karipio. Siku moja, akifunga mifuko, alifunga sketi mpya, na kabla ya kuibana harufu ya marashi ya ghalani ikamfikia, marashi yale yaliyopulizwa juu ya kitu kingine. Akaelewa sketi ile ilikotoka. Akaiweka mezani, akaenda kuchukua mkoba wake. Siku hizi anashona mapazia ya hoteli. Mapazia hayavaliwi na mtu.

Mwalimu yule Pua hakumwona kamwe. Mara kwa mara alijiuliza kama amepata gauni la kumkaa mabegani, na jibu hakuwa nalo.

Wifi hakuja kwa wiki kadhaa. Kisha akampigia kaka yake simu, wakaongea habari za ndugu na mvua, na mwisho akatoa salamu. Mumewe alizileta jikoni kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa.

"Anasema amekusamehe," akasema.

Pua alikuwa anaosha vyombo. Neno lile lilimwingia, likashuka, likakwama mahali fulani chini ya kifua. Aliinama kwenye sinki, akatema mate, akafungulia maji mpaka mwisho.