Joto Salama

Nilichovya kipimajoto kwenye kikombe cha chai, chai ya kuunguza ulimi, na simu yangu ikaleta ujumbe: JOTO SALAMA.

Nikarudia. Salama.

Kifaa kama hicho nilikifunga mwenyewe kwenye bani la Baba kule Namtumbo, ambamo tumbaku yake yote ya mwaka ilikuwa inakaushwa kwa moto. Zamani alipima kwa kuweka kiganja ukutani na kuhesabu hadi kumi. Sasa kifaa kinapima kila nusu saa, na joto likifika sitini na tatu, simu yake inapiga kelele. Asubuhi alinipigia hapa Songea: jirani yake Otto anazikwa leo, na moto unawaka. "Nenda tu Baba, kifaa kitalinda," nikamwambia. Mdomo wangu huu.

Nikafungua programu niliyoiandika. Nilitumia nyongeza mbili za kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa amri za mashine. Moja hubana namba zikae padogo, mwisho sitini na tatu. Nyingine huzuia namba iliyojaa isirudi sifuri, ibaki pale pale juu. Mwongozo unasema zitumie pamoja bila wasiwasi. Waongo wakubwa hao. Kila moja niliijaribu peke yake, ikakubali. Zikiwa pamoja, ya kwanza inaizima ya pili: sitini na nne inasomeka sifuri, na joto likiruka sitini na tatu kati ya kipimo na kipimo, simu haipigi kelele. Sikuzijaribu pamoja, kwa uvivu wa kuamini karatasi.

Baba alipokea mara ya tano.

"Baba, kimbia bani."

"Hata shikamoo hakuna?" Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. "Kunegunda, tunashusha jeneza. Mashine yako imesema salama sasa hivi."

"Inadanganya. Nimekosea mimi, Baba."

Wiki nzima alikuwa anajisifia binti yake kijiji kizima. Akakata simu.

Nikakaa nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu, nikamtukana aliyeandika mwongozo, nikamwomba Mungu tena.

Alipopiga alikuwa anahema.

"Nimeweka kiganja, sikufika tatu. Tumeyatoa magogo motoni. Tumbaku ya chini imeungua, ya juu ipo."

"Nisamehe, Baba."

"Narudi makaburini. Otto sijamtupia udongo."

"Na bani analinda nani?"

"Mdogo wako Brigita. Nimemwambia mkono usitoke ukutani."