Singe ya Babu Mezani

François, fundi cherehani wa Yeoville, Johannesburg, alikuwa na ugonjwa ambao mkewe Marcelline hakuwahi kuupatia dawa: singe za Kijerumani, vile visu vya kuchomekwa mdomoni mwa bunduki. Wenzake wakipata vijisenti wananunua televisheni. Yeye anapanda teksi hadi Kensington, kwenye duka la vitu vya kale la mzee Muhammad, na kurudi na kipande cha chuma kimefungwa gazeti kama maini. Wala si singe yoyote ile. Alizozipenda ni zile ambazo baada ya vita vya pili ziliokotwa na majeshi ya nchi nyingine, zikakwanguliwa alama za Mjerumani, zikachovywa weusi mpya na kugongwa chapa ya mwenyewe mpya. Muhammad alimfundisha kuzisoma. Weusi ukiingia hadi ndani ya vishimo vya kutu, ujue chuma kililika kwanza, kikapakwa baadaye. Pitisha ukucha shinani mwa ubavu, utausikia mteremko ulioachwa na tupa iliyokwangua alama ya kwanza.

Singe moja tu hakuwahi kuigusa, nayo ilikuwa ya kwao. Babu yake aliinyakua kwa askari wa Kijerumani huko Tabora, vita vya kwanza, na tangu hapo inakaa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Wengine huiona ndani ya ala tu, kwa mbali. Binti wa ukoo akiposwa, singe inalazwa mezani, na aliyeilaza ndiye anayemsemea.

Kwa hiyo Héritière, binti pekee wa François, alipochumbiwa na kijana wa Kirundi, wa kumsemea hakuwa baba yake. Alikuwa Parfait, kaka mkubwa wa François, aliyetoka Bukavu, kwao Kongo, kwa mabasi, singe ameificha katikati ya gunia la ndagala, dagaa wakavu wa kwao.

Jambo hilo lilimkaa François kooni. Yeye ndiye aliyemlea mtoto huyu Johannesburg, akainamia cherehani hadi mgongo ukapinda, halafu anakuja mtu ambaye hata kuvuka barabara kwenye robot, taa za barabarani, anashikwa mkono, anakaa kiti cha mbele! Tena mtu mwenye ulimi. Tangu ashuke basi, Parfait alikuwa hamalizi chakula bila kukumbusha nani alimzika Papa, baba yao, na nani hakuonekana.

Wageni walifika Jumamosi mchana, wakiongozwa na mzee Astère, baba mkubwa wa bwana harusi. Parfait akailaza singe kwenye kitambaa cheupe, akakohoa, akaanza habari za Tabora. Alipofika pale babu anapomrukia Mjerumani, François akasimama.

"Yaya," alimwita kaka yake, "niruhusu niwaonyeshe wageni. Hii ndiyo kazi ninayoijua."

"Kaa, petit," Parfait alimwambia mdogo wake. "Ile haichomolewi."

Marcelline alimfinya mumewe paja. Héritière akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Papa, please." Lakini François alikuwa amekwisha kuichomoa.

Aliinamisha ubavu wa singe kwenye mwanga wa dirisha, na hapo hapo akaona. Weusi ulikuwa umejaa ndani ya vishimo vya kutu. Akapitisha ukucha: mteremko wa tupa. Juu ya mkwaruzo kulikuwa na chapa ambayo alikuwa nayo kwenye singe zake kabatini, ya karakana ya Yugoslavia. Furaha iliyompanda ilikuwa mbaya, naye alijua ni mbaya, akaiachia ipande. Angeweza kuirudisha alani, akasema ni nzuri, watu wakala wali. Ndivyo mtu mzima angefanya.

"Wazee, mnisamehe," alisema. "Hii imetengenezwa upya Yugoslavia, baada ya vita vya pili. Babu alipigana vya kwanza. Alimnyang'anya nani kitu ambacho wakati huo kilikuwa bado hakijagongwa chapa hii? Tumedanganywa miaka yote. Na kama singe ni ya uongo, basi aliyeilaza hana kiti. Mtoto wangu nitamsemea mwenyewe."

Mzee Astère alitazama viatu vyake. Parfait hakupandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Unasema kweli," alisema. "Ile ya babu haiko tena. Niliitoa mimi."

"Uliiuza!"

"Siku wale ba waasi ba msituni balikukamata barabara ya Uvira, unafikiri balikuachilia juu ya uzuri wa sura yako? Mukubwa wao alisikia kwetu iko singe ya Mujerumani. Akasema nilete ile, ao atanitumia kichwa chako. Nikaileta. Na mikono yangu."

François alibaki na singe mkononi, hajui aiweke wapi.

"Papa alikuwa ashakuwa kipofu," Parfait aliendelea. "Kila asubuhi anaiomba, aishike. Nikazunguka soko mpaka nikapata yenye kufanana. Alikufa ameishika, ananibariki kwa kuichunga vizuri. Hakujua. Hakuna mutu alijua, na mimi nilitaka nikufe na hii maneno. Wewe tu ndiye ulisoma."

Kisha akainuka, akakisogeza kiti cha mbele kuelekea kwa ndugu yake, akaenda kusimama karibu na mlango.

"Yaya, rudi ukae," François alisema. "Nimekosa. Rudi."

"Hapana. Mimi nilikusemea mara moja, mbele ya batu ba bunduki. Leo unajua kuongea. Ongea."

Mzee Astère, ambaye alitaka tu posa iishe salama, akasema kwa upole kwamba wageni wanasubiri neno la wenye nyumba. François akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la kaka yake. Desturi yao ni kwamba msemaji akisalimia, watu wa upande wake humwitikia kwanza, kwa pamoja, ili wageni wajue hayuko peke yake.

"Amani kwenu wazee," alisema.

Marcelline alikuwa anatazama dirishani. Héritière alikuwa amehamia mlangoni, amemshika baba mkubwa wake mkono. François akasubiri kuitikiwa, kisha akasalimia tena.