Redio na Kimya Mbele ya Mwalimu

Msusi alikuwa na mabinti pacha, na mtaa mzima uliwajua kwa majina ya utani. Mmoja aliitwa Redio, kwa sababu akishaamka hazimiki. Mwenzake aliitwa Kimya, na hapo sina la kueleza. Ukitaka kumsikia Kimya ilibidi umkanyage.

Bibi yao aliyekuwa akiwalea mchana alikuwa amehamia kwa binti yake aliyejifungua. Msusi naye alikuwa amepata kazi kiwandani, kazi ya mshahara, ya kuanza Jumatatu. Chekechea ya jirani ilibakiwa na nafasi mbili, ila mtoto haingii mpaka mwalimu amhoji. Wakipita wote, kazi anayo. Akikwama mmoja, nani atabaki naye nyumbani? Kazi itaota mbawa hivihivi, na msimamizi wa kiwanda hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Basi akawanoa watoto. Saluni yake ikageuka darasa. Wao walikaa kwenye benchi bega kwa bega, yeye akiwapa mgongo, anasuka kichwa cha mteja huku anauliza. Shanga hizi rangi gani? Vitana vingapi? Kipi kikubwa, kipi kidogo? Redio alijibu yote bila kukosea. Wateja nao kila mmoja alijifanya mwalimu: huyu anataka wahesabu, yule anataka waamkie kwa sauti. Redio akimaliza anapigiwa makofi, na mama mtu anavimba kichwa. Kimya hakuna aliyehangaika naye. Walishamzoea. Msusi alijipa moyo kwamba Mungu atamfungua mdomo siku yenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Walikaa kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha mwalimu, sakafu bado mbichi kwa deki. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ulimtisha msusi. Akasema wataingia mmoja mmoja. Msusi akababaika, akaeleza kwamba hawa hawaachani, hata chooni huenda pamoja. Mwalimu akasema ndiyo maana.

Akaanza Redio. Msusi hakuwa na wasiwasi naye. Akatega sikio mlangoni, akasikia swali, halafu asisikie kitu. Swali la pili, vilevile. Mtoto aliyekuwa akimkatiza hata bibi yake, leo ulimi umeenda wapi? Mlango ulipofunguka Redio alitoka analia kwikwi, akajitupa mapajani kwa mama yake.

Akaitwa Kimya. Kama redio yenyewe imezima, huyu atasema nini? Msusi alishaanza kutunga maneno ya kwenda kumwambia msimamizi.

Mara akasikia sauti ya mtoto mle ndani, nyembamba, haina haraka, inahesabu, inataja rangi, inaeleza jambo refu mpaka mwisho. Alidhani mwalimu ana mwanawe humo. Akamtazama Redio mapajani, mdomo umefumbwa. Ndipo alipoelewa.

Mwalimu alitoka amemshika Kimya mkono. Huyu, akasema, amepita, tena vizuri sana. Yule mwingine hakujibu hata swali moja. Kila akiulizwa aliinamisha kichwa upande, kama anayesubiri kuambiwa. Kisha akamwomba Kimya amwambie mama yake kile alichomwambia yeye.

"Mimi namnong'oneza," Kimya alisema, "yeye ndiye anasema."

Msusi akaomba waingie pamoja, mara moja tu. Akaeleza habari ya kiwanda, habari ya bibi, yote, bila kuona aibu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikiwaingiza pamoja, mama, nitakuwa namsikiliza nani?"

Hata hivyo hakuondoka. Alichukua kibao cha pembetatu kwenye rafu ya mlangoni, akachuchumaa, akamuuliza Redio umbo hili linaitwaje. Redio akainamisha kichwa kwa mwenzake. Kimya akasogeza mdomo. Msusi aliona yote, na alijua kwamba akinyamaza tu huenda jibu likatoka na kazi ikapona. Akamvuta Kimya, akamweka nyuma yake. Iliuma, maana alijiona anaitupa kazi kwa mkono wake mwenyewe.

Redio alikitazama kibao, akamtazama mama yake, akakitazama tena kibao.

"Sijui," akasema.

Mwalimu akainuka. "Sasa nimemsikia yeye. Anayesema hajui nitamfundisha. Ila watakaa vyumba tofauti. Walete Jumatatu asubuhi, wote wawili."

Msusi alishukuru mpaka mwalimu mwenyewe akaona haya. Njiani Redio alikuwa ameshasahau machozi, yuko mbele anawasimulia wapita njia kwamba yeye ni mwanafunzi. Msusi akapunguza mwendo, akamshika Kimya mkono, akamuuliza kwa nini siku zote hizo hakumwambia mama yake kwamba anajua.

"Hujawahi kuniuliza," Kimya akajibu.

Hakuwa amekasirika, alikuwa anaeleza tu. Msusi akatafuta kichwani siku moja, hata moja, aliyomuuliza huyu mtoto kitu akasubiri jibu. Hakuipata.